Kapi la Antena ya Waya Linapokwama, Kupinda au Kula Kamba: Kutafuta Chanzo na Kuchagua Kapi Linalohimili Mzigo

Antena ya waya ya redio ya upepo ni kitu chepesi. Waya wa shaba wa mita 40, vihami vyake vya pembeni na kebo inayoning'inia katikati, vyote kwa pamoja havizidi kilo 3 kwa kiasi kikubwa, na mtu mmoja huvibeba begani bila taabu. Wepesi huo ndio unaowapotosha wengi: mtu huinyanyua antena kwa mkono, akaona si mzigo, kisha akaenda dukani kununua kapi la kuanikia nguo. Mzigo unaolifikia kapi juu ya mlingoti hautokani na uzito wa antena peke yake. Unatokana na mkazo wa waya, pembe ambayo kamba inapinda kwenye kapi, upepo, na zaidi ya vyote nguvu za mtu anayevuta kamba akiwa chini. Hitilafu nyingi zinazoelezwa hapa zina mzizi huo mmoja, hata pale zinapoonekana kuwa ni ubovu wa kapi.

Maelezo haya yanawahusu wanaofunga antena Dodoma na maeneo ya jirani kama Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Bahi, wawe ni wapenda redio wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania au wahudumu wa redio katika vituo vilivyo mbali na mji. Hali ya hewa ya huku ina ukali wa namna yake: jua ni kali karibu mwaka mzima, vumbi huingia kila mahali, na upepo wa kiangazi huvuma kwa siku nyingi mfululizo kabla mvua hazijaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kapi lililodumu miaka mahali penye utulivu linaweza kuchoka hapa kwa msimu mmoja.

Hesabu ya mzigo kabla ya kulaumu kapi

Tuchukue antena ya nusu wimbi ya masafa ya megahezi 3.6, yenye urefu wa mita 40 hivi, iliyofungwa kati ya milingoti miwili. Waya ni shaba tupu ya milimita za mraba 2.5, ambayo ina uzito wa gramu 22 hivi kwa mita, kwa hiyo waya wote ni kilo 0.9. Katikati inaning'inia mita 10 ya kebo nene ya RG-213, yenye gramu 150 hivi kwa mita, na ukijumlisha kiungo cha katikati unapata kilo 2. Mkazo hupatikana hivi: zidisha uzito wa waya kwa umbali kati ya milingoti, ugawanye kwa 8, zidisha uzito wa katikati kwa umbali huohuo, ugawanye kwa 4, jumlisha matokeo hayo mawili, kisha ugawanye kwa mbonyeo, yaani mita ambazo katikati ya antena imeshuka chini ya mstari ulionyooka kati ya ncha zake.

Kwa mbonyeo wa mita 2, mkazo ni kama kilo 12. Kwa mbonyeo wa mita 1 ni kilo 24.5. Mtu akiamua kwamba antena haipendezi mpaka inyooke, akaivuta hadi mbonyeo ukawa nusu mita, mkazo unafika kilo 49, na hapo waya laini wa shaba wa ukubwa huo unakaribia kukatika. Uzito haujaongezeka hata gramu moja. Kinachostahili kuangaliwa pia ni kwamba sehemu kubwa ya mkazo huo inatokana na kebo ya katikati. Ukibadilisha kebo nene kwa nyembamba ya RG-58, au ukaipa kebo nguzo yake ya kuishikilia katikati, mkazo hupungua hadi nusu au chini zaidi, na mara nyingi hilo ni nafuu kuliko kununua kapi kubwa.

Baada ya mkazo inakuja pembe. Kapi hubeba nguvu za pande zote mbili za kamba. Pande hizo zikiwa sambamba, kama unaponyanyua kitu moja kwa moja kutoka chini, kapi hubeba mkazo mara 2. Zikiwa na nyuzi 60 kati yake, hubeba mara 1.73, nyuzi 90, mara 1.41, na nyuzi 120, hubeba sawasawa na mkazo wa kamba. Antena iliyokwisha kupanda huvuta karibu mlalo na kamba hushuka wima kando ya mlingoti, kwa hiyo pembe ni karibu nyuzi 90, na mkazo wa kilo 24.5 unakuwa kilo 35 hivi kwenye kapi. Mpigo mkali wa upepo unaweza kuuzidisha mara mbili, tuseme kilo 70.

Lakini mzigo mkubwa kabisa ni binadamu. Waya ukinasa kwenye tawi la mgunga, mtu wa kilo 70 huning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote, na kapi hubeba karibu kilo 100. Akija jirani kumsaidia, zinakuwa kilo 200. Ndiyo maana kwa antena hii, ambayo haifiki hata uzito wa kuku wawili wakubwa, mimi sikubali kapi lenye kikomo cha mzigo wa kazi chini ya kilo 200, na likipatikana la kilo 250 ni bora zaidi. Kuvuta kwa pikipiki au gari kusifanyike kabisa, kwa kuwa dereva hahisi pale waya unaponasa, na injini haina huruma ya kulegeza.

Alama zilizogongwa kwenye kapi

Herufi WLL au SWL zikifuatwa na namba humaanisha mzigo wa juu unaoruhusiwa kazini. Herufi MBL au BL humaanisha mzigo ambao ukifikiwa kifaa huvunjika, na namba hiyo lazima igawanywe, kwa kawaida kwa 5, kabla ya kuitumia. Kapi linalovunjika kwa kilo 500 ni kapi la kazi ya kilo 100 tu. Makapi ya wapanda milima, yanayofuata kiwango cha EN 12278, huandikwa kwa kN, na kN 1 ni sawa na nguvu ya uzito wa kilo 102 hivi. Namba hiyo mara nyingi ni ya kuvunjika, si ya kazi, na muuzaji asiyejua tofauti hiyo hukusomea ile kubwa kwa nia njema kabisa.

Jambo jingine ni kujua namba imepimwa wapi. Katika makapi mengi ya kunyanyulia mizigo, kikomo kinahusu kichwa cha kapi, yaani pale linapotundikwa, na si kamba. Kapi la kilo 200 likitumiwa kunyanyua wima, kamba isivutwe kwa zaidi ya kilo 100.

Kapi lisilo na alama yoyote halina kikomo kinachojulikana. Wapo wanaolijaribu kwa madumu ya maji, na jaribio lenyewe ni rahisi: unalitundika kwenye boriti ya chuma kwa kimo cha kiuno, unafunga madumu manne ya lita 20 yaliyojaa, ambayo ni kilo 80 na ushei, unayaacha usiku kucha, kisha asubuhi unatazama kama pini inayobeba gurudumu imepinda au mashavu, yaani bamba mbili za pembeni zinazolikumbatia gurudumu, yametanuka. Jaribio hilo huyafichua makapi dhaifu, lakini halimpi mtu haki ya kuandika namba kwenye kapi. Kilichopita jaribio hilo nakitumia kwenye antena nyepesi ya uani ambapo hakuna mtu anayepita chini yake, na si penginepo.

Dalili: kamba imekwama, antena haipandi wala haishuki

Hii ndiyo hitilafu inayosumbua kuliko zote, kwa sababu kapi liko juu na mtu yuko chini. Kabla ya kupanda, chanzo kinaweza kutambuliwa kwa mkono. Vuta kamba polepole. Ikija kidogo kisha ikarudi kwa kujivuta, kapi ni zima na waya umenasa mahali fulani, mara nyingi kwenye tawi au kwenye ukingo wa paa la bati. Ikija kwa kusuasua huku ikikwaruza, tatizo ni bushi, yaani kipande cha mviringo kilicho kati ya gurudumu na pini, au ni pini yenyewe. Ikigoma kabisa, kama iliyofungwa kwenye jiwe, basi kamba imetoka kwenye mfereji wa gurudumu na kujipachika kati ya gurudumu na shavu.

Kamba hujipachika pale kwa sababu ni nyembamba kuliko uwazi ulioachwa. Kapi la kisima la chuma cha kusubu, ambalo hupatikana kwa urahisi madukani na lina nguvu ya kutosha, limetengenezwa kwa kamba nene; ukilipitishia kamba ya milimita 5, itaruka siku ya kwanza ya upepo. Kabla ya kununua, chukua kipande cha kamba utakayoitumia na ujaribu kukisukumiza kati ya gurudumu na shavu kwa ncha ya bisibisi. Kikiingia, liache kapi hilo dukani. Kanuni ninayoifuata ni kwamba uwazi huo usizidi robo ya unene wa kamba, na mfereji wa gurudumu uwe mpana kidogo tu kuliko kamba yenyewe.

Sababu ya pili ni kapi lililolala upande. Likifungwa kwa waya uliokazwa dhidi ya mlingoti, haliwezi kugeuka kuelekea antena, na kamba huingia kwa ubavu ikikwaruza shavu. Tundika kapi kwa shakeli, yaani pingu ya chuma yenye umbo la U inayofungwa kwa pini, au chagua lenye kichwa kinachozunguka, ili lijielekeze lenyewe. Pini ya shakeli ifungwe kwa waya mwembamba isije ikajifungua kwa mtikisiko wa upepo. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na ikisahaulika antena yote huanguka. Sababu ya tatu ni fundo: mtu ameunga kamba mbili na fundo halipiti kwenye kapi. Hapo hakuna tiba nyingine ila kutumia kamba moja isiyo na kiungo.

Kuhusu kushusha kamba iliyokwama, usiongeze watu. Legeza kabisa, tikisa kamba kwa mawimbi, kisha jaribu kuvuta upande wa pili. Upande wa pili utakuwapo tu ikiwa kamba ilifungwa kwa mzunguko, yaani ncha zake zote mbili zimefungwa kwenye kihami, na mzingo uliobaki unashuka hadi chini. Mzunguko huo hugharimu kamba maradufu, lakini waya ukikatika kamba haipotelei juu, na hakuna haja ya kupanda mlingoti kwa ajili ya kuirudisha.

Ikiwa kupanda hakuepukiki, mlingoti uangaliwe kwanza waya zake za kuushikilia, mkanda wa usalama utumike, na mtu asinyanyuliwe kamwe kwa kapi la antena. Umbali kutoka kwenye nyaya za umeme uwe mkubwa kuliko urefu wa mlingoti na waya vinavyoweza kuangukia upande huo. Na kwa wanaotumia mibuyu kama milingoti, angalieni mizinga ya nyuki kabla ya kurusha kamba; katika mikoa hii ya kati mzinga juu ya mti ni mali ya mtu, na nyuki wake hawaulizi ulikuja kwa nia gani.

Dalili: kamba inapanda kwa tabu, kapi linalia

Chanzo karibu kila mara ni vumbi. Wengi hupaka grisi nyingi kwenye pini, vumbi laini hunasa humo, na baada ya miezi michache mchanganyiko huo unasaga bushi badala ya kuilainisha. Kwa kapi la bushi ya shaba nyeupe au plastiki ngumu, ni afadhali kulishusha, kulisafisha kwa mafuta ya taa na kulirudisha kavu au na tone la mafuta mepesi. Kapi la beringi lililofunikwa pande zote mbili huvumilia vumbi zaidi, lakini beringi ya wazi haifai kabisa huku kwetu. Kapi lililoganda pia hudanganya juu ya mkazo: unavuta kwa kilo 40 ukidhani waya umepata 40, kumbe umepata 20, na siku gurudumu likijiachia waya hutikisika kwa kishindo.

Dalili: kamba inalika upesi mahali pamoja

Tazama kwanza kipenyo cha gurudumu. Kwa kamba ya nyuzi, gurudumu liwe na kipenyo cha angalau mara 8 ya unene wa kamba, hivyo kamba ya milimita 6 inahitaji gurudumu la milimita 48 au zaidi. Kamba ya waya wa chuma huhitaji mara 18 au zaidi, na ya milimita 4 hudai gurudumu la milimita 72. Kapi dogo la mlingoti wa bendera, ambalo gurudumu lake halizidi kidole gumba kwa upana, huikunja kamba kwa ukali mno, na kwa kuwa antena husogea mbele na nyuma kwa upepo siku nzima, kamba hufa palepale inapokunjwa.

Kama kipenyo kinatosha, pitisha kidole ndani ya mfereji. Mfereji uliowahi kupitishwa waya wa chuma huwa na michirizi inayokata nyuzi za kamba, na kapi la namna hiyo lisirudishwe kwenye kamba ya nyuzi. Kama mfereji ni laini, basi lawama ni ya kamba yenyewe. Kamba za plastiki za bluu na kijani, zinazoitwa manila madukani, huliwa na jua la Dodoma mpaka zikatoa unga mweupe mkononi; kamba ya katani ina nguvu ikiwa kavu, lakini huoza ikilowa na kukauka mara kwa mara. Poliesta iliyosukwa ndiyo inayodumu. Kumbuka vilevile kwamba fundo huweza kupunguza nguvu ya kamba hadi nusu, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye kifungashio si namba ya kamba iliyofungwa.

Dalili: pini imepinda, mashavu yametanuka au ndoano imefunguka

Hapa hakuna utata: kapi lilizidiwa. Kulinyoosha kwa nyundo hakulirudishii nguvu, kwani chuma kilichokwisha kupinda na kunyooshwa kimechoka. Kinachotakiwa ni kujua kilichozidisha mzigo kabla ya kutundika jipya, la sivyo nalo litakwenda njia hiyohiyo. Pini iliyopinda upande mmoja huonyesha kwamba kapi lilivutwa kwa ubavu. Iliyopinda katikati huonyesha mzigo mkubwa ulionyooka, na mara nyingi siku hiyo palikuwa na kundi la wavutaji. Ndoano ya wazi haifai kwa antena hata ikiwa na namba nzuri, maana kamba ikilegea ghafla kapi huchomoka. Tumia jicho lililofungwa na shakeli. Kapi la plastiki la kuanikia nguo halipindi, hupasuka tu bila kutoa taarifa baada ya kukaa juani.

Dalili: antena inalegea kila baada ya wiki chache

Wengi hudhani kapi au fundo linaachia. Weka alama ya rangi kwenye kamba pale inapofungwa chini. Alama ikisogea, fundo linateleza. Ikibaki mahali pake huku antena ikizidi kushuka, waya ndio unaorefuka. Waya laini wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 huanza kurefuka kabisa kwa mkazo wa kilo 18 hivi, ingawa hukatika kwenye kilo 50 au zaidi kidogo. Uthibitisho mwingine uko kwenye redio: masafa ambayo antena inapatana nayo vizuri yatakuwa yameshuka, kwa sababu waya umekuwa mrefu. Kukaza kamba tena ni kuendeleza ugonjwa. Ongeza mbonyeo, punguza uzito wa katikati, au tumia waya wa shaba ngumu.

Dalili: waya unakatika siku za upepo, hasa upande uliofungwa kwenye mti

Mti huyumba, na umbali kati ya ncha mbili hubadilika kwa makumi ya sentimita. Kamba iliyofungwa kwa uthabiti haina pa kutoa nafasi, hivyo mkazo hupanda mpaka kitu kikatike. Dawa yake ni kuacha ncha ya chini ya kamba ibebe uzito unaoning'inia badala ya kuifunga. Katika mfano wetu uzito huo uwe karibu na mkazo unaotakiwa, kama kilo 12 kwa mbonyeo wa mita 2, na kapi liwe lile linalozunguka kwa wepesi, kwa maana kapi linaloganda huufanya uzito huo usiwe na kazi. Gurudumu litakuwa likizunguka mbele na nyuma mchana na usiku, kwa hiyo hapa ndipo mahali pa kutumia fedha zaidi na kununua kapi la mashua au la kunyanyulia lenye beringi iliyofunikwa. Kapi lifungwe kwenye mti kwa mkanda mpana unaozunguka shina, si kwa waya unaokata gome.

Uzito wenyewe unaweza kuwa dumu lililojazwa mchanga. Maji hayafai: dumu lililo wazi hupungua kwa jua na kujaa kwa mvua, na mkazo hubadilika pamoja nalo. Toboa tundu dogo chini ya dumu ili maji ya mvua yasikae kwenye mchanga, liache lining'inie sentimita 50 hivi kutoka ardhini ili lipate nafasi ya kupanda na kushuka, na ulizungushie uzio wa miti au bomba pana ili watoto na mbuzi wasipite chini yake.